Mpokeaji anayepanda na kushuka: avumiliwe, abadilishiwe kazi au ahame chuo?

Tarehe 9 Oktoba 2021, uwanja wa Cotton Bowl mjini Dallas, katika mechi ya futiboli ya Marekani, mpokeaji (mchezaji anayekimbia mbele kudaka pasi) wa mwaka wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Texas aitwaye Xavier Worthy alidaka pasi 9 za jumla ya yadi 261 dhidi ya Oklahoma. Texas walifungwa 55 kwa 48, lakini sebuleni kwa shemeji yangu hapa Fort Worth habari ya jioni nzima ilikuwa huyo kijana mwembamba. Msimu ukaisha akiwa na yadi 981 na tachidauni 12, yaani mara 12 aliufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani na kufunga. Tukasema tumepata mtu.

Mwaka uliofuata yadi zikashuka hadi 760. Mipira ikawa inamponyoka. Siku ya Alamo Bowl, mechi ya kufunga msimu, tarehe 29 Desemba 2022, Texas wakapigwa 27 kwa 20 na Washington, na Worthy akaacha mipira ambayo mwaka mmoja nyuma angeidaka huku anacheka. Sebule ileile ikagawanyika mara tatu. Shemeji: "Aende zake, watoto wapya wapo." Jirani yetu Mkongomani, mzee wa Lubumbashi anayeujua mchezo huu kuliko sisi wote: "Ana mbio, mpeni kazi nyingine." Mimi nilikuwa upande wa kumvumilia, na nakiri sababu zangu wakati ule zilikuwa za moyo zaidi kuliko za kichwa.

Kila msimu, kila chuo chenye timu ya futiboli ya Marekani kina mpokeaji wa namna hii. Jumamosi moja anawaacha mabeki kama wamesimama, Jumamosi ya pili anadondosha mpira wa mtoto. Kama na wewe unabishana nafsini mwako, au una mdogo wako au mwanao anayecheza nafasi hiyo, nimeziweka njia tatu kando kwa kando. Nitazipima kwa vipimo vilevile vinne.

Vipimo vinne kabla ya kuchagua upande

Cha kwanza ni chanzo. Hapa ndipo mabishano mengi yanapoharibika, kwa sababu mtu akisema "hana mikono" anaweza kuwa anazungumzia matatizo matano yasiyohusiana.

Tazama mikono yenyewe. Mpira ukija juu ya kitovu, vidole gumba vya mikono miwili hukutana, na viganja hufanya umbo la pembetatu mbele ya uso. Ukija chini ya kiuno, mambo hugeuka: vidole vidogo ndivyo hukutana, na viganja hutazama juu, kama mtu anayekinga maji ya bomba. Anayechanganya haya mawili mpira humgonga kifuani ukaruka. Hilo ni kosa la mazoezi, na dawa yake inajulikana: asimame mbele ya mashine ya kurushia mipira kila siku baada ya wenzake kuondoka, adake mamia mpaka mikono isihitaji kufikiri.

Halafu kuna macho. Mpokeaji mwingine ana mikono mizuri kabisa, ila anageuza shingo kumtafuta beki kabla mpira haujatulia kiganjani. Ukirudisha picha nyuma utamwona: kidevu kinaondoka nusu sekunde mapema. Huyu anataka kukimbia na mpira ambao bado hajaupata.

Tatu ni njia anazokimbia. Kwotabeki, mrushaji wa pasi, hurusha kwa kuamini kwamba mwenzake atakata kona kwenye yadi ya 10. Akikata kwenye yadi ya 8, mpira unaangukia nyasi tupu na uwanja mzima unamzomea aliyerusha. Kosa la namna hii halionekani kwenye takwimu za mipira iliyodondoshwa, kwa hiyo mpokeaji mvivu wa njia anaweza kuonekana mtakatifu kwenye karatasi.

Nne ni mwili. Baada ya msimu wa 2022 kwisha ndipo ilipojulikana kwamba Worthy alicheza sehemu ya msimu huo mkono wake ukiwa umevunjika. Wengi wetu tulikuwa tumeshamhukumu.

Tano ni mtu anayemrushia. Quinn Ewers, kwotabeki wa Texas, alikamilisha takriban asilimia 58 ya pasi zake mwaka 2022 na takriban asilimia 69 mwaka 2023. Mpokeaji wa mbio ndefu anaumia zaidi kuliko wengine pale mrushaji anapokuwa bado anajifunza, kwa sababu pasi ya yadi 40 ikikosea kidogo tu haidakiki.

Kipimo cha pili ni muda. Mchezaji wa chuo huruhusiwa misimu 4 ndani ya miaka 5, na anayecheza mechi zisizozidi 4 katika msimu anaweza kuuhifadhi msimu huo usihesabiwe. NFL, ligi ya kulipwa, nayo haimchukui mtu kabla ya miaka 3 kupita tangu amalize sekondari. Kuyumba mwaka wa pili na kuyumba mwaka wa nne ni mambo mawili tofauti.

Cha tatu ni mazingira: kocha wa wapokeaji ni nani, kwotabeki anabaki au anaondoka, nani mwingine anagombea namba. Cha nne ni gharama ya kosa. Timu huwa na majaribio 4 ya kusogea yadi 10, na mpira uliodondoshwa jaribio la kwanza unasahaulika. Ukidondoshwa jaribio la tatu, mara nyingi timu inaupiga teke mpira kuurudisha kwa wapinzani, na ukiruka juu kutoka kiganjani unakuwa zawadi ya beki.

Njia ya kwanza: avumiliwe, aendelee kuanza

*Chanzo.* Njia hii inafaa pale tatizo ni jeraha, mrushaji mchanga, au ufundi wa mikono unaorekebishika. Mfano mzuri ni Ja'Marr Chase wa LSU, Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana. Mwaka 2018, akiwa mwaka wa kwanza, alidaka pasi 23 tu za yadi 313. Mwaka 2019 kocha Joe Brady akaletwa kutoka New Orleans Saints ya NFL kusimamia mchezo wa pasi, kwotabeki Joe Burrow akapata mfumo uliomfaa, na Chase akamaliza na yadi 1,780 na tachidauni 20, LSU wakashinda mechi zote 15. Angehukumiwa kwa yadi zile 313, pengine angeishia benchi.

*Muda.* Uvumilivu unataka angalau msimu mmoja kamili mbele. Worthy alikuwa nao. Mwaka 2023 akadaka pasi 75 za yadi 1,014, na Septemba ya mwaka huo, Texas walipoishinda Alabama 34 kwa 24 nyumbani kwao Tuscaloosa, alifunga tachidauni ya yadi 44. Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

*Mazingira.* Hapa pana jambo tunalolisahau sisi wa upande huu. Worthy hakuachwa peke yake. Texas walimleta kocha mpya wa wapokeaji, Chris Jackson, na wakamsajili Adonai Mitchell kutoka Georgia, ambaye msimu huohuo alifunga tachidauni 11. Mabeki hawakuweza tena kumbana Worthy wawili wawili. Kumvumilia mchezaji huku kila kitu kinachomzunguka kinabaki vilevile ni kumwomba abadilike kwa miujiza.

*Gharama.* Ni kubwa, na inalipwa na wengine. Kila pasi anayopewa anayeyumba ni pasi asiyopewa kijana wa nyuma yake, na siku hizi kijana wa benchi hasubiri, anahama. Kisha ipo hatari kwamba kuyumba kwenyewe ndio kiwango chake. Kelvin Benjamin wa Florida State alikuwa na mwili wa kutisha, karibu mita 2, na sifa ya kudondosha mipira. Makocha wakashikilia naye. Tarehe 6 Januari 2014, fainali ya ubingwa dhidi ya Auburn, zikiwa zimebaki sekunde 13, alidaka pasi ya yadi 2 iliyoipa timu ushindi wa 34 kwa 31. Panthers wa NFL wakamchukua wa 28 kwenye drafti, ambako timu za NFL huchagua wachezaji wa vyuo kwa zamu, akapata yadi 1,008 mwaka wake wa kwanza. Kisha goti, uzito, timu nyingine, na baada ya msimu wa 2018 hakucheza tena mechi ya NFL. Mtetezi wake na mpinzani wake wote wana ushahidi, na sijapata kumshinda mtu kwenye ubishi huo.

*Inamfaa nani?* Mchezaji wa mwaka wa kwanza au wa pili, mwenye sababu inayoonekana kwa macho, katika timu ambayo kweli inabadilisha kitu.

Njia ya pili: abaki, lakini abadilishiwe kazi

*Chanzo.* Hii ni ya mchezaji ambaye kipaji chake ni cha kweli ila hakiko pale alipowekwa. Anadondosha mipira ya mbali lakini akipewa mpira mfupi hakamatiki. Au ana mwili mkubwa usioweza kuwakwepa mabeki wa pembeni wepesi, ilhali ungewaponda mabeki wa katikati.

Richard Sherman aliongoza Stanford kwa yadi za kupokea mwaka wake wa kwanza, 2006. Goti likamuumiza mwaka 2008, na aliporudi akahamia kuwa beki wa pembeni, yaani kuwazuia watu wanaofanya kazi aliyokuwa akiifanya yeye. Seattle wakamchukua mwaka 2011 akiwa wa 154, na baadaye akawa nguzo ya ulinzi uliobeba Super Bowl, fainali ya NFL, ya Februari 2014. Darren Waller alikuwa mpokeaji mkubwa Georgia Tech, kwenye mfumo uliokimbia na mpira karibu muda wote, hivyo takwimu zake hazikumwambia mtu lolote. Kwenye NFL akageuzwa taitendi, mchezaji anayesimama karibu na mstari, anayezuia na kudaka. Mwaka 2020 alidaka pasi 107 akiwa na Raiders.

*Muda.* Kujifunza nafasi mpya kunataka mazoezi ya majira ya kuchipua yote na kiangazi chote. Katikati ya msimu linalowezekana ni badiliko dogo: kumsogeza ndani karibu na mstari ambako beki hawezi kumgonga mapema, kumpa pasi fupi za pembeni, au kumpa kazi ya kurudisha mipira ya mateke, yaani kuudaka mpira uliopigwa teke na wapinzani na kukimbia nao. Hilo la mwisho ndilo alilolisema mzee wa Lubumbashi. Worthy alikuwa akiifanya kazi hiyo, na Oktoba 2023 alirudisha mpira wa chuo cha BYU yadi 74 hadi tachidauni. Mzee hakusema neno, alitutazama tu.

*Mazingira.* Panahitajika kocha mwenye uvumilivu, na mchezaji asiyeona badiliko kama adhabu. Hili la pili ni gumu. Mpokeaji ni nafasi ya jina. Mwambie kijana wa miaka 20, aliyesifiwa tangu sekondari, kwamba sasa atakuwa anazuia, umtazame uso.

*Gharama.* Kwa timu ni ndogo kuliko njia zote. Kwa mchezaji ni kubwa kwa muda: anaanza upya, takwimu zinashuka, na marafiki wanauliza maswali.

*Inamfaa nani?* Mwenye sifa moja isiyofundishika, kama mbio au urefu, na moyo wa kuanza chini.

Njia ya tatu: ahamie chuo kingine

*Chanzo.* Kuhama kunatibu tatizo la nafasi, mfumo na kocha. Hakutibu kidevu kinachoondoka mapema, kwa sababu kidevu utahama nacho.

Jameson Williams alikuwa Ohio State nyuma ya Garrett Wilson, Chris Olave na Jaxon Smith-Njigba, na mwaka 2020 alidaka pasi 9 tu. Akaenda Alabama. Mwaka 2021: pasi 79, yadi 1,572, tachidauni 15. Aliumia goti kwenye fainali ya Januari 2022, na bado Detroit wakamchukua wa 12. Puka Nacua alihama Washington kwenda BYU, akasumbuliwa na majeraha, akachukuliwa wa 177 mwaka 2023, kisha akaweka rekodi ya yadi kwa mchezaji wa mwaka wa kwanza NFL: 1,486.

Sasa tazama upande wa pili. Dorian Singer alikuwa na yadi 1,105 pale Arizona mwaka 2022. Akahamia USC, kwenye kwotabeki aliyekuwa ametoka kushinda Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, na akaishia na pasi 24 za yadi 289. Kipaji hakikupotea njiani. Alikuta foleni, na baadaye akahamia Utah.

*Muda.* Zamani anayehama alikaa nje mwaka mzima. Tangu 2021 aliruhusiwa kuhama mara moja na kucheza papo hapo, na tangu 2024 anaweza kuhama zaidi ya mara moja bila kukaa nje, mradi masomo yake yako sawa. Hivyo muda si kikwazo kama ulivyokuwa. Kikwazo ni kujifunza lugha ya mfumo mpya kila baada ya miezi kumi.

*Mazingira.* Hapa ndipo Singer na Williams wanapoachana. Alabama walikuwa wameondokewa na DeVonta Smith na Jaylen Waddle, nafasi zilikuwa wazi mchana kweupe. Kabla ya kusifu uhamisho wowote, hesabu waliopo wanaorudi.

*Gharama.* Kuingia kwenye orodha ya wanaohama kuna hatari ambayo mashabiki hatuioni: chuo cha zamani kinaweza kuukatisha ufadhili muhula ukiisha, na si kila anayeingia hupata pa kutokea. Upande mwingine kuna pesa. Tangu Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa kutumia jina na sura zao, na tangu 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa, kwa kikomo cha takriban dola milioni 20.5 kwa chuo kizima mwaka wa kwanza. Sioni vibaya kijana kuzifuata. Ila dau kubwa na nafasi ya kucheza havikai mahali pamoja siku zote.

*Inamfaa nani?* Aliyefungiwa na wakubwa zake, au aliyeachwa na mfumo wake baada ya kocha kufukuzwa.

Kuna wanaouliza kuhusu kwenda drafti mapema hivyohivyo, akiyumba. NFL hununua mwili na mbio. DK Metcalf aliondoka Ole Miss baada ya mechi 7 tu za msimu wa 2018 kwa jeraha la shingo, na bado akachukuliwa wa 64. Worthy alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.21 mwezi Machi 2024, rekodi ya majaribio ya NFL ya kabla ya drafti, na Chiefs wakamchukua wa 28. Lakini hao ni watu wa mbio zisizo za kawaida. Kwa mpokeaji wa kawaida anayeyumba sioni kama ni njia, na nisingeiweka sawa na hizo tatu.

Ukiwa katika hali hii, fikiria hivi

Kama mchezaji wenu yuko mwaka wa pili, aling'ara wa kwanza, na kwotabeki ni mchanga: elemea uvumilivu, lakini uliza timu imebadilisha nini. Kama hakuna kocha mpya wala mpokeaji wa pili wa kumpunguzia mzigo, usishangae msimu ujao ukifanana na huu.

Kama yuko mwaka wa tatu au wa nne na kosa ni lilelile tangu mwanzo, mipira ya mbali inamtoka ila akiwa na mpira mkononi hashikiki: kazi nyingine itamfaa kuliko kuhama. Na mashabiki tumsaidie kwa kuacha kuiita kushushwa cheo.

Kama hachezi kwa sababu waliomtangulia ni wazuri mno, na mazoezini anaonyesha uwezo: kuhama ni halali na hakuna usaliti ndani yake.

Kama unabishana tu na shemeji yako: chagueni mechi tatu, rudisheni nyuma kila pasi aliyokosa, na kila mmoja aandike kando ni mkono, jicho, njia, mwili au mrushaji. Sisi tulifanya hivyo baada ya habari ya mkono uliovunjika kutoka. Kwenye karatasi ya shemeji "mrushaji" ilijitokeza mara nyingi kuliko alivyotegemea, na kwenye yangu "jicho" lilijitokeza mara nyingi kuliko nilivyopenda.

Na kama ni mwanao, hasa kwa familia zetu tuliokuja huku ukubwani na hatukuucheza mchezo huu, msitie saini popote kabla ya kuuliza mambo haya kwa kocha ana kwa ana: Wapokeaji wangapi wanarudi msimu ujao? Nani atakuwa anarusha, na amebakiza miaka mingapi? Kocha wa wapokeaji ana mkataba wa muda gani? Ufadhili umeandikwa kwa mwaka mmoja au mpaka amalize shahada? Akiumia, nani analipia matibabu, na kwa muda gani? Majibu yaandikwe.